Rangi ya Kiini cha Yai: Tumlishe Kuku Majani, Tusimdanganye Mnunuzi



Ndugu msomaji, mwezi uliopita safu hii ilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa kata ya Nsemulwa, hapa Mpanda, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Ni mjane. Anafuga kuku wa mayai 60 katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, na kwa mayai hayo hununua sabuni, sare na madaftari ya watoto wanne. Aliandika kwamba mteja wake mkubwa, kijana mwenye kibanda cha chipsi, amemrudishia trei mbili na kumwambia: "Mama, mayai yako ni mazima, lakini kiini chake ni cheupe. Nikikaanga chipsi mayai, wateja wanasema nimewapa unga wa ngano."

Kijana hakuishia hapo. Alimshauri atafute unga wa rangi unaouzwa kwa vipimo katika vipakiti visivyo na maandishi, auchanganye kwenye chakula cha kuku. Mama akaniuliza mambo matatu: Je, kiini cheupe ni ugonjwa? Je, yapo majani au mazao yanayoweza kurudisha rangi? Na je, akiirudisha rangi, atakuwa amemdanganya mnunuzi?

Maswali hayo ni mazuri, na naamini si yake peke yake. Nyumba nyingi katika mji wetu zina banda la kuku uani, na mayai hayo ndiyo chumvi na sukari ya nyumba. Nikaona si haki kumjibu kwa karatasi tu. Jumamosi moja, baada ya sala ya Alasiri, nikaenda Nsemulwa.

"Karibu mwalimu," alinipokea. "Kuku wenyewe hawa hapa. Niambie kama wanaumwa."

Kuku walikuwa wachangamfu, vilemba vyao vyekundu, kinyesi chao cha kawaida. Nilimwomba yai moja la kuku wake, akatuma mtoto kwa jirani kuleta yai la kuku wa kienyeji. Tukayapasua mayai mawili katika visahani viwili. La jirani lilikuwa na kiini cha rangi ya embe bivu. Lake lilikuwa na kiini cha rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nikamwuliza chakula cha kuku wake. Akanionyesha: pumba na chenga za mahindi meupe, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, na kirutubishi cha vitamini cha dukani. Jani bichi hawakuwa wameonja tangu walipoingia bandani, kwa kuwa anaogopa vicheche na wezi, naye hawafungulii.

"Basi mama," nikamwambia, "kuku wako hawaumwi. Hawana tu mahali pa kuipata hiyo rangi."

Kuku hawezi kuitengeneza rangi ya kiini mwilini mwake. Huipokea kutoka katika mimea anayokula. Mwenyezi Mungu ameweka katika mimea jamii ya rangi zinazoitwa karotini na ndugu zake, miongoni mwao luteini na zeaksanthini. Hizi ndizo zinazofanya mahindi ya njano yawe ya njano na boga liwe la rangi ya chungwa. Zimo pia katika kila jani la kijani, ila humo hatuzioni kwa kuwa zimefunikwa na umbijani, yaani ile rangi ya kijani yenyewe. Jani linaponyauka na umbijani ukatoweka, njano iliyokuwa imejificha hujitokeza. Kuku anapokula jani, huichukua njano hiyo, huisafirisha pamoja na mafuta katika damu yake, na kuihifadhi mahali penye mafuta: katika kiini cha yai, katika ngozi na katika miguu.

Mahindi meupe hayana rangi hiyo ila chembe ndogo sana. Hapa ndipo lilipo tatizo la wafugaji wa Tanzania. Katika nchi nyingi zinazolisha kuku mahindi ya njano, kiini hupata rangi bila mfugaji kujisumbua. Sisi tumezoea mahindi meupe kwa sababu ndiyo tunayopenda kusongea ugali. Wazee wetu wanaukumbuka unga wa njano ulioletwa kutoka nje katika miaka ya njaa, ambao watu waliubandika jina la unga wa Yanga kwa sababu ya jezi za timu hiyo. Uliliwa kwa kunung'unikiwa, na tangu hapo wengi huona mahindi ya njano kuwa ni chakula cha dhiki. Kuku hana chuki hiyo. Mkulima wa Katavi mwenye kishamba cha pembeni angeweza kupanda mistari michache ya mahindi ya njano kwa ajili ya banda lake, na nusu ya tatizo ingekwisha. Akumbuke tu kwamba yakikaa ghalani miezi mingi, rangi yake hupungua.

Sasa tujibu swali la kwanza kwa ukamilifu. Je, yai lenye kiini cheupe ni yai duni? Watu wengi huamini hivyo, na wanakosea kwa sehemu. Protini ya yai haitegemei rangi ya kiini. Hata vitamini A haionekani kwa macho katika kiini, kwa kuwa vitamini A iliyokamilika haina rangi ya kutajika. Kuku wa mama yetu, wanaokula kirutubishi cha dukani, huenda wakataga mayai yenye vitamini A ya kutosha ilhali kiini ni cheupe. Kwa upande mwingine, luteini na zeaksanthini zina faida yake kwa mlaji. Rangi hizo ndizo zilizomo katika sehemu ya nyuma ya jicho la mwanadamu inayotuwezesha kuona vitu kwa ukali, na mwili huzipokea vizuri kutoka katika yai kwa sababu zimo pamoja na mafuta. Kwa hiyo kiini cha njano kinatupa ziada nzuri, na mtoto anayekula yai lenye kiini cheupe bado amekula chakula bora. Mama asimnyime mwanawe yai kwa sababu ya rangi.

Ila kuna hali moja ambayo weupe wa kiini ni onyo. Ikiwa kuku wako walikuwa wakitaga mayai ya njano, chakula hakijabadilika, kisha ghafla viini vikafifia, angalia afya yao. Koksidia, ugonjwa unaoharibu utumbo na mara nyingi kuleta kuhara damu, humzuia kuku kuichukua rangi kutoka katika chakula. Minyoo mingi nayo hudhoofisha. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, nayo hufifisha rangi ya kuku kabla hata hajaonyesha dalili nyingine. Sumukuvu si jambo la kuchezea. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuka. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku kwa hoja kwamba "hayafai kwa watu lakini kuku atakula".

Swali la pili: mimea gani inafaa? Kanuni ni moja na kila mama anaweza kuijaribu jikoni mwake. Rangi inayokwenda kwenye kiini ni ile inayoyeyuka katika mafuta. Weka mafuta kidogo ya kupikia kwenye kikaango, utie pilipili hoho nyekundu iliyokatwa. Utaona mafuta yenyewe yanageuka rangi. Angalia pia mafuta ya mawese yanayotujia kutoka Kigoma: wekundu wake ni karotini iliyomo ndani ya mafuta. Lakini chemsha bitiruti au choya, na rangi yote itaingia katika maji. Rangi ya namna hiyo, hata iwe nyekundu kiasi gani, haiendi kwenye kiini. Mfugaji anayewapa kuku maji ya choya akitaraji kiini chekundu anapoteza choya yake.

Vivyo hivyo binzari manjano. Watu huidhani kuwa ndiyo dawa kwa sababu ni ya njano kuliko vyote vilivyomo jikoni. Lakini rangi yake si ya jamii ya karotini, na inayofika katika kiini ni kidogo mno. Karoti nayo huwashangaza wengi. Karotini yake kuku huigeuza kwa wingi kuwa vitamini A, ambayo kama nilivyosema haina rangi. Kwa hiyo karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina faida kwa afya ya kuku, lakini havitoi njano kama mtu anavyotarajia. Mawese nayo yamo katika kundi hilo.

Inayotoa njano kwa hakika ni majani ya kijani kibichi. Kwa mazingira yetu ya Mpanda ningeitaja mitano. Wa kwanza ni mlonge, ambao jani lake lina njano nyingi pamoja na protini. Wa pili ni lusina, ule mti wenye majani madogomadogo unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Wa tatu ni matembele. Wa nne ni majani ya maboga. Wa tano ni mchicha. Kisamvu nacho kinafaa kikiandaliwa vyema. Pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa huongeza wekundu juu ya njano, na kiini huelekea rangi ya chungwa. Msihofu kwamba kuku ataungua mdomo. Mwenyezi Mungu amewaumba ndege bila kuhisi ukali wa pilipili kama tunavyouhisi sisi, na ndiyo maana utawaona ndege wa porini wakizila na kuzieneza mbegu zake. Ila pilipili peke yake, bila njano ya majani chini yake, hutoa kiini cha rangi ya waridi isiyopendeza. Majani yatangulie, pilipili ifuate, na nusu kilo ya unga wake katika kilo 100 za chakula inatosha.

Katika mataifa mengine wafugaji wakubwa hutumia unga wa maua ya marigodi, yale ya rangi ya chungwa ambayo Wahindi huyafuma kuwa mashada. Kampuni ya Roche ya Uswisi ilitengeneza hata kipepeo chenye vipande vya rangi, kuanzia ngazi ya 1 iliyofifia hadi ya 15 iliyokolea, ili mfugaji akilaze juu ya kiini na kujua amefika wapi. Mama wa Nsemulwa hahitaji kipepeo hicho. Kisahani cheupe na yai la jirani vinatosha.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoharibu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuharibu. Mwaka mmoja wa masika niliona mchicha umejaa bustanini, nikawapa kuku wangu asubuhi na jioni, nikapunguza pumba ili niokoe fedha. Viini vilikuwa vya njano ya kupendeza, lakini mayai yakapungua na mengine yakawa na ganda laini. Jani bichi lina maji mengi. Linajaza tumbo la kuku kabla hajapata protini na nguvu anazohitaji. Tena mchicha una tindikali inayofunga madini ya chokaa, na chokaa ndiyo ganda la yai. Rangi niliipata, na faida nikaipoteza.

Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 110 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Kuku 60 basi hula kama kilo 7 kwa siku, au kilo 50 kwa juma. Unga wa majani makavu usizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula. Kwa mama yetu hiyo ni kilo mbili na nusu kwa juma. Kwa kuwa kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya majani makavu, atahitaji kukusanya kilo 10 hadi 12 za majani mabichi kila juma. Hiyo ni kazi ya watoto wawili siku ya Jumamosi, na wala si kazi kubwa.

Namna ya kukausha ina hukumu yake. Jua kali huiunguza rangi ile ile tunayoitafuta. Tandaza majani kivulini, penye upepo, juu ya mkeka au turubai safi, uyageuze mara kwa mara. Yakivunjika kwa kubanwa kiganjani na bado ni ya kijani, yamefaulu. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, umekausha nyasi tu. Yatwange, uyahifadhi katika ndoo yenye kifuniko mahali pa giza, na uyatumie ndani ya miezi michache. Sisi wa Katavi mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka. Anayetaka kiini cha njano mwezi wa Septemba akaushe majani yake mapema, kabla kiangazi hakijayamaliza.

Na kuna tahadhari ambazo siwezi kuziacha. Lusina lina sumu inayoitwa mimosini. Likizidi, kuku hupunguza kutaga. Lisivuke kipimo nilichotaja, na ni bora lichanganywe na mlonge kuliko kutumiwa peke yake. Kisamvu kibichi kina sumu ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Kikatwe vipande vidogo, kilale usiku mmoja kikinyauka, kisha kikaushwe kabisa. Majani na maganda ya parapachichi ni hatari kwa ndege, yasiingie bandani. Vivyo hivyo majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Na majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu shambani yasikusanywe hata kama ni ya kijani kiasi gani, kwa sababu sumu hiyo inaweza kufika katika yai ambalo mwanao atalila.

Je, majani ni dawa? Hapa napenda tuzungumze kwa uangalifu, kwa sababu mitaani mlonge umegeuzwa kuwa tiba ya kila kitu. Majani mabichi humsaidia kuku asikose vitamini A, hasa yule ambaye mwenyewe hana uwezo wa kumnunulia kirutubishi. Kuku aliyekosa vitamini hiyo hutokwa na machozi, kope zake hugandamana, na ndani ya kinywa huota vipele vyeupe. Kwa kuku wa namna hiyo jani ni faraja kubwa. Lakini jani halizuii mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Kinachouzuia ni chanjo. Ipo chanjo ya matone ya macho inayovumilia joto kuliko zile za zamani, ya aina ya I-2, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji anayeacha kuchanja kwa kuwa kuku wake wanakula mlonge ataamka asubuhi moja akute banda limekwisha. Muoneni afisa mifugo wa kata yenu.

Jambo moja zaidi ambalo rangi hii hutufundisha. Kuku mwenye asili ya miguu ya njano, anapotaga kwa wingi, miguu yake hufifia polepole, kwa sababu njano yote inakwenda kwenye mayai. Akiacha kutaga, njano hurudi. Basi usimchinje kuku mwenye miguu iliyopauka ukidhani amezeeka, ukamwacha mwenye miguu ya dhahabu. Huenda aliyepauka ndiye anayekulishia watoto, na mwenye kung'aa amekuwa mgeni wa mezani tu.

Tuje katika kipakiti kisicho na maandishi. Mama alikuwa amekinunua tayari, lakini hakuwa amekitumia. Alinionyesha unga mwekundu ambao hauna jina, hauna kiwanda, hauna tarehe. Hakuna awezaye kusema kwa kuutazama kwamba ni pilipili iliyosagwa, au ni rangi ya kupakia ukili wa mikeka, au ni rangi ya nguo. Nikamsimulia yaliyotokea China mwaka 2006, ambako mayai ya bata yenye viini vyekundu yaliuzwa kwa sifa kubwa, mpaka vipimo vilipobaini kwamba bata walikuwa wakilishwa rangi ya viwandani inayoitwa Sudan. Rangi hiyo nayo huyeyuka katika mafuta, na kwa hiyo huingia katika kiini kwa njia ile ile inayopita rangi ya jani. Hutumika kutia rangi nta na mafuta ya viwandani. Imepigwa marufuku katika chakula kwa kuwa inashukiwa kuleta saratani. Mayai yaliondolewa sokoni na kuku wasio na hatia, yaani bata wenyewe, waliuawa. Mama alinisikiliza, akakichukua kile kipakiti, akakitupa katika shimo la choo.

Limebaki swali la tatu, ambalo kwa hakika ndilo lililomkosesha mama usingizi. Je, kumlisha kuku majani ili kiini kiwe cha njano ni udanganyifu? Masuala ya hukumu yana wenyewe, na masheikh wetu wapo misikitini tuwaulize. Lakini sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka na kukuta limelowa ndani huku juu ni kavu, naye akamkemea muuzaji kwa kuuficha unyevu ule usionekane na watu. Kosa la muuzaji yule lilikuwa kuficha. Sasa anayemlisha kuku mlonge hakuficha kitu. Kuku amekula jani, na kiini kinasema kwamba amekula jani. Huo ni ukweli uliovaa rangi yake.

Udanganyifu huingia mahali pengine. Huingia pale mfugaji wa kuku wa kisasa anapopata kiini cha njano, kisha akayaita mayai yake ya kienyeji ili ayauze kwa bei ya juu. Wanunuzi wetu wengi hupasua yai, wakiona njano husema, "Hili ni la kienyeji." Lakini kuku wa kienyeji aliyefungiwa na kulishwa pumba za mahindi meupe atataga kiini cheupe, na kuku wa kisasa aliyekula majani atataga kiini cha njano. Rangi ya kiini inatuambia kuku alikula nini. Ukoo wake hautajwi humo. Hata rangi ya ganda haitokani na chakula, inatokana na mbegu ya kuku. Basi mnunuzi akidhani, na muuzaji akajua kwamba anadhani kimakosa, akanyamaza ili apokee nyongeza, hapo unyevu umefichwa chini ya lundo.

Tulikubaliana na mama tufanye jaribio. Aligawa banda kwa wavu: kuku 30 upande huu, 30 upande ule. Chakula kikawa kimoja, isipokuwa upande mmoja ulipata unga wa mlonge na matembele kwa kipimo. Nilimwomba asubiri, kwa kuwa kiini hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa muda wa siku kama 10 kabla yai halijatagwa, na rangi haikamiliki mpaka zipite takriban wiki mbili. Aandike kila siku idadi ya mayai ya kila upande.

Baada ya wiki tatu nilirudi. Daftari lilikuwa limejazwa na binti yake wa darasa la sita kwa mwandiko safi. Idadi ya mayai ya pande zote mbili ilikaribiana, na hilo lilinifurahisha kuliko rangi. Katika visahani, upande wa pumba tupu ulikuwa vilevile. Upande wa majani ulikuwa umefikia njano ya ndizi mbivu. Haukufikia embe la jirani, lakini chipsi mayai haihitaji zaidi ya hapo. Kijana wa kibanda amerudi na anachukua trei zake kama zamani.

"Lakini mwalimu," mama aliniambia, "juzi alikuja mama mmoja mwenye duka. Akapasua yai moja, akasema, haya ni ya kienyeji, niuzie yote kwa bei ya kienyeji."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, dada yangu, hawa ni kuku wa kisasa, ila wanakula mlonge. Akanitazama kidogo. Akaniuliza mlonge ni jani gani. Nikampeleka nikamwonyesha mti. Akanunua trei moja kwa bei yangu ya siku zote."

"Na zile nyingine?"

"Hakuzichukua. Akasema atarudi." Akacheka kidogo, akaendelea kutwanga majani. "Akirudi, alhamdulillah. Asiporudi, yai langu analijua ni la nini."

Ndugu msomaji, sina la kuongeza juu ya maneno hayo. Mwenye banda uani aanze juma hili kwa kukata tawi moja la mlonge na kulitandaza kivulini. Wale ambao hawana mlonge, tawi lililokomaa lenye unene wa kifundo cha mkono, likichimbiwa ardhini mvua zinapoanza, huota. Na anayenunua mayai amwulize muuzaji, "Kuku wako wanakula nini?" Swali hilo litamfaa kuliko kukazia macho rangi.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azifanye za halali na safi, na awatilie baraka wajane na mayatima wanaozitafuta kwa mikono yao. Amin.